Koti Kwenye Msumari

Jumatatu, 4 Machi

Nimeosha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa mkono wa kushoto tena. Wa kulia ukifika usawa wa kifua unagoma. Tangu waliponikata titi kwa ajili ya kansa, hauinuki. Zamani hapa bandarini Kalundu tulitwishana mabeseni ya samaki kichwani. Siku hizi wenzangu wananikwepa, eti kansa inaambukiza. Wajinga.

Bahati yuko Lubarika kwa mama yake, kuvuna mpunga. Wiki ya sita. Koti lake liko msumarini, ukutani. Mume haachi koti zuri. Atarudi.

Jumapili, 10 Machi

Nimepita uwanja wa Kilibula. Wanawake wanacheza mpira. Upuuzi mtupu. Golikipa wao, Riziki, kifua bapa. Nikapaza sauti: "Ule iko kijana, mumemuvalisha tu!" Watu wakacheka.

Mechi ilipokwisha alinifuata, akavuta kola ya jezi. Kovu. Upande uleule kama langu.

"Minye pia walinikata, dada. Lakini mukono ilipanda."

Aibu. Sikuomba hata radhi.

Jumatano, 13 Machi

Nilimcheka, naye ndiye amekuja kwangu. Kanifundisha: vidole vinatambaa ukutani kila asubuhi, vinapokomea natia alama ya makala, makaa ya jikoni. Inauma vibaya. Ya leo iko chini ya kidevu. Msumari uko juu sana, Bahati aliupigilia kwa urefu wake. Nikiufikia, nitabeba beseni.

Alhamisi, 28 Machi

Shemeji katoka Lubarika. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Usimungoje, shemeji. Iko na bibi mwingine."

Nimelia mpaka nikatapika. Ukuta sikuugusa. Koti ningeweza kulitungua kwa kushoto na kulitupa ziwani. Nililinusa.

Jumapili, 7 Aprili

Siku kumi bila alama. Nimekwenda uwanjani kwa kukosa pa kulilia. Riziki kafungwa manne. Manne! Kila mara aliutoa mpira wavuni, akarudi golini, akainua mikono yote miwili.

Nimerudi nyumbani nikatafuta makala. Vidole vimeshuka chini ya alama ya zamani. Nimetia alama hivyo hivyo.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua asubuhi. Vidole vimegusa msumari. Nimelitungua koti kwa mkono wa kulia. Nimelikunja vizuri, shemeji atalipitia. Bado nampenda, mpumbavu mimi.

Kesho Riziki atakuja Kalundu kunitwisha. Tutaanza na nusu beseni. Ngata yangu ya kichwani nimeitundika pale juu, msumarini.