Mistari Miwili Ubavuni

Jumatatu, 4 Machi

Wamelikwaruza. Wamelikwaruza gari langu!

Saa moja kasoro asubuhi, mkoba begani, funguo mkononi, nimeshuka na furaha zangu — na ubavu wa kushoto una mstari. Kuanzia mlangoni mpaka karibu na taa ya nyuma. Nimepitisha kidole. Ukucha umezama. Maana yake rangi imeondoka mpaka chuma.

Sikulia. Naiandika hii iwe kumbukumbu: sikulia. Nilikaa ndani, nikajifungia, nikavuta pumzi polepole kama ninavyowaambia wagonjwa wangu wavute. Upuuzi mtupu. Haisaidii hata kidogo. Miaka ishirini na mbili nawadanganya watu.

Mlinzi — jengo zima linamwita Kamanda, sijui kawahi kumkamanda nani — nimemkuta kibandani kwake anapiga mswaki. Nani kapita hapa? Akatema, akasukutua, akasema, "Watu wengi, Dokta. Jengo lina nyumba kumi na sita." Hesabu anaijua. Kazi ndiyo haijui.

Hakunitazama machoni. Nimeliona hilo.

Jumanne, 5 Machi

Polisi. Askari wa zamu ana meno mazuri sana, bahati mbaya ni maneno yanayopita katikati yake. Kaandika "gari dogo jekundu". Nikamsahihisha: gari la spoti, milango miwili, silinda sita, rangi ya zambarau iliyoiva. Akafuta. Akaandika "gari dogo".

"Una maadui, Dokta?"

Nina wagonjwa, nikamwambia. Hakucheka. Nani anawafundisha hawa watu?

Mdogo wangu kapiga simu mchana. "Pole, Dada. Lakini si kigari tu?" Kigari! Nikamuuliza, na mumeo je, si mwanamume tu? Kakata.

Yeye hawezi kujua. Baba alimwendesha mkurugenzi miaka thelathini. Kila alfajiri alilifuta lile gari kwa kitambaa laini, akilisemesha. Na siku Mama aliporuhusiwa hospitali na kichanga mikononi, tulirudi nyumbani kwa miguu. Gari la kazi. Haliguswi. Mimi nilikuwa na miaka sita, nimebeba chupa ya chai kubwa kuliko kifua changu, na Mama alikuwa anasimama kila baada ya nguzo tatu za umeme anashika kiuno. Barabara ile naiona mpaka leo. Mdogo wangu alikuwa amelala ndani ya kanga, ataikumbuka vipi?

Ndiyo maana nikanunua langu. Wala simwelezi mtu.

Jumatano, 6 Machi

Nimefikiri kama mpelelezi. Jibu liko nyumba ya chini, upande wa kulia: Mwalimu mstaafu.

Ushahidi. Naegesha mshazari, ndiyo. Nachukua nafasi mbili, ndiyo — ile ya mlangoni chini ya paa na nusu ya jirani yake, ili asije mtu na mkweche wake akafungua mlango akanigonga. Mwezi uliopita Mwalimu kanijia mara mbili, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. "Mwanangu, mke wangu hupita hapo kwenye mteremko na chuma chake cha kutembelea. Ukisogea hatua moja tu, atapita."

Mwanangu! Tangu lini? Nikamwambia alete karatasi inayosema ile nafasi ni ya nani. Akasema karatasi hana, ana mke.

Maneno ya mwalimu hayo. Wanajipenda kwa maneno. Na mtu aliyekata makosa ya wenzake kwa kalamu nyekundu miaka arobaini, mkono wake umeshazoea kuchora mistari. Ni yeye. Nikatwe shingo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua asubuhi yote. Nimechelewa kutoka.

Mtu wa bima kaja kliniki na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Kalizunguka gari mara moja. Mara moja! Mimi jino moja nalitazama mara nne. Akasema unaonekana kama mkwaruzo wa matumizi ya kawaida. Kawaida ya nani? Akasema atawasilisha. Hawa watu kazi yao kuwasilisha. Wakifa watawasilishwa.

Jumamosi, 9 Machi

Wa pili! Mchana kweupe! Saa nne asubuhi, mimi niko juu napiga pasi makoti ya kliniki!

Kwenye mlango wa gari. Mnene, mnyoofu, juu ya ule wa kwanza, kama mtu aliyepigia mstari jambo asilotaka lisahaulike.

Kamanda alikuwepo. Kasimama pale pale kwenye mteremko, mikono nyuma. Nikamuuliza umeona nini. "Sikuona kitu, Dokta." Umbali wa hatua nane! Hata kipofu angesikia.

Kesho kuna mkutano wa wakazi. Watanitambua.

Jumapili, 10 Machi

Wamenitambua.

Viti vya plastiki, ukumbi wa chini, harufu ya dawa ya sakafu. Mwenyekiti, muuza vioo, kafungua kwa habari za tangi la maji. Nikasimama kabla hajamaliza. Nikasema yote. Nikanyoosha kidole: Mwalimu.

Watu wakaguna. Yeye akasimama taratibu, akarekebisha miwani. "Nimefundisha watoto ambao siwezi kuwahesabu. Sijawahi kuchana daftari la hata mmoja." Akaketi. Pembeni yake mkewe, chuma kimesimama mbele ya magoti yake, hakufungua mdomo. Shavu limevimba. Nikasema moyoni, jino hilo, gego la chini, na huyo mume anahangaika na nafasi za magari.

Nikaona ukumbi unanigeuka. Nikabadilisha. Nikasema basi, kama si Mwalimu, tunaye mlinzi ambaye ama haoni ama anashirikiana. Tunamlipa wa nini?

Hapo wakanielewa. Watu wakipewa wa kumchukia asiyekaa jengo moja nao, huelewa haraka sana.

Mwenyekiti akamwita. "Kamanda, sema. Uliona nini jana?"

"Sikuona kitu, Mwenyekiti."

Mara tatu kaulizwa. Mara tatu jibu lile lile. Mke wa Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Mikono ikanyooshwa, kumi na moja. Wakampa mpaka jioni.

Kafungasha redio, sweta na kikombe. Kapita mbele yangu. "Haya, Dokta. Kazi njema." Ameniaga! Unafiki ulioje.

Nimeshinda. Chakula cha jioni nimekifunika lakini. Uchovu tu.

Jumanne, 12 Machi

Nimelipeleka kwa fundi rangi. Mtu wa kwanza wiki hii asiyenichosha. Haongei. Kachuchumaa ubavuni, kavaa miwani, kaweka taa ndogo mlalo, kakaa nayo dakika kumi. Nikasema alaa, kumbe wapo bado watu wanaotazama.

"Dokta, hivi ni vitu viwili tofauti."

Nikamwambia najua, mistari miwili.

"Sisemi mistari. Nasema vitu." Akaniita nichuchumae. Sikumbuki mara ya mwisho kuchuchumaa kwa amri ya mtu. "Huu wa kwanza uko chini sana. Msumari si msumari, ufunguo si ufunguo. Kichwa cha boliti. Na tazama: unakwenda, unasimama. Unakwenda, unasimama. Kila shubiri mbili tatu. Aliyefanya hivi hakuwa anakwaruza. Alikuwa anapita."

Na wa pili?

Akacheka kidogo. Anakosa jino la mbele na hajali. "Wa pili ufunguo. Huyu sasa alikuwa anakwaruza. Tena wala hakuwa na haraka."

Akaniuliza naegesha wapi. Nikamweleza: mlangoni, mteremko, paa. Akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja.

Nimerudi kwa teksi. Dereva kasema neno, sijui neno gani.

Jumatano, 13 Machi

Gari liko gereji, njia iko wazi. Mke wa Mwalimu alikuwa anateremka nilipokuwa napanda. Chuma, hatua, pumzi. Chuma, hatua, pumzi. Mguu mmoja wa kile chuma umetengenezwa mtaani, boliti ndefu kupita kiasi, kichwa kiko nje.

Nimesimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Alipofika usawa wangu akasema, "Marahaba."

Sikuwa nimemwamkia.

Alhamisi, 14 Machi

Mlinzi mpya katoka kampuni. Ana filimbi, anaipuliza hata kwa paka. Kaniuliza mimi ni nani na naingia kwa nani. Miaka tisa nakaa hapa!

Mashtaka nimeyaandika kichwani mara tatu. Bibi wa miaka sabini na ushei, mgonjwa wa nyonga, kaharibu gari kwa makusudi. Nani ataniamini? Na akiniamini, si atauliza alikuwa anapita wapi? Watu wapumbavu wana tabia hiyo, ukiwapa habari moja wanataka na ya pembeni yake.

Jumapili, 17 Machi

Sijatoka.

Jumatatu, 18 Machi

Saa tano na robo. Niko ofisini, mlango nimeurudisha. Naandika mchana, kitu ambacho sifanyi.

Kwenye orodha ya leo msaidizi aliandika tu "mama, gego". Nimeingia nikiwa nimeshavaa barakoa — ni yeye. Kalazwa kwenye kiti changu, chuma chake kimeegeshwa kwenye sinki. Mwalimu yuko nje na gazeti. Hajui kitu, yule mzee. Nimeona wazi hajui.

Nikamwambia msaidizi akalete picha ya jino. Tukabaki wawili. Nikavuta taa. Shavu kama limejazwa pamba.

Kabla sijamwambia afungue mdomo, kaufungua mwenyewe.

"Wa kwanza chuma kilikwama, Dokta. Nilikuwa najibana nipite, nikashindwa kurudi nyuma, nikaenda mbele. Nilitaka kuja kukuomba radhi. Wa pili ni mimi."

Hivyo hivyo. Kama mtu anayetaja anwani yake.

Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu ilitoka ndogo, barakoa ikaimeza.

"Ijumaa ile ya mvua nilisimama kwenye mteremko nikakupungia usogeze. Nililowa mpaka ndani. Ulikuwa dirishani na kikombe. Ulinitazama, ukashusha pazia." Akashika shavu, jino lilikuwa linampiga. "Basi Jumamosi nikachukua ufunguo. Nisikudanganye, niliona raha. Sikuwahi kuharibu kitu cha mtu maisha yangu yote, na niliona raha."

Nilitaka kumdharau. Nilijaribu. Nilimtafuta pa kumdharau kuanzia utosi mpaka kandambili.

"Yule mlinzi alinikuta ufunguo bado mkononi. Akanishika kiwiko akanivusha mpaka mlangoni. Hakusema neno, mimi sikusema neno. Mkutanoni nilitaka kusimama, magoti yakakataa, na mimi nikayashukuru. Hiyo ni aibu yangu, naibeba. Lakini mimi nikienda kwa kamati watasema bibi kachanganyikiwa, anamwonea huruma. Wewe ndiye uliyemtoa. Andika wewe. Jino litasubiri, Dokta. Yeye ana siku ya nane hana kazi."

Nikamwambia fungua mdomo. Nikamchoma ganzi. Wala si kwa ajili ya jino. Nilitaka anyamaze.

Halafu nikaja huku.

Nimefungua ukurasa wa Ijumaa ile. Mvua. Nimechelewa kutoka. Mtu wa bima na mwavuli wake. Dirisha halipo. Pazia halipo. Daftari ambalo halisomwi na mtu, nimelificha hata hilo! Nilimwona. Nilimwona vizuri sana, maji yanamchuruzika kidevuni, kashika chuma kwa mkono mmoja, ule mwingine uko juu. Kahawa ilikuwa ya moto. Nikasema, akae hapo ajifunze.

Ajifunze nini? Ana miaka sabini na ushei. Kutembea?

Ningeweza kumng'oa jino sasa hivi na alasiri nikampeleka kwa yule askari wa "gari dogo". Ushahidi ninao, umelala kwenye kiti changu, kinywa wazi. Kamati ingemsikia nani, Mwalimu au mimi? Mimi. Wanyoosha mikono wale. Wangenyoosha tena.

Nimechukua karatasi yenye nembo ya kliniki. "Kwa Kamati ya Wakazi." Hiyo rahisi. "Nawasilisha" — nimekata. Nikianza kwa kumtaja yeye, wataishia kwake. Nikisema mlinzi hana kosa, watauliza mwenye kosa ni nani, na muuza vioo atakohoa na kungoja. Nimechana. Nimechukua nyingine.

Msaidizi kachungulia. "Dokta, mama anasema upande wote umekufa ganzi. Anauliza umeshamaliza kuandika?"

Nani kamwambia naandika?

Nimesema dakika moja. Hajaondoka, kasimama na glavu zangu mkononi, anatazama vipande vya karatasi sakafuni. Kwenye barua kuna maneno matano, na mkono hautaki kuongeza la sita: Mlinzi aliondolewa kwa sababu mimi