Lalamiko la Kipungani Lililofungwa kwa Jina Lako

Shoga yangu Rukia,

Nimekushuku. Nakwambia mapema, maana hukupenda kuzungushwa. Lakini kabla yako nilimshuku Salma wa Siyu, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Wiki ya pili baada ya hitima yako nilikuwa barazani hapa Langoni, nachambua malalamiko ya ile programu huria ya nyakati za sala, kama tulivyokuwa tukijitolea mimi nawe: hili hitilafu kweli, hili kashaleta mwingine, hili mwenyewe kaweka saa ya simu vibaya. Mara naona lalamiko la yule bibi wa Kipungani, kwamba adhana ya magharibi inalia kabla ya jua kuzama na Ramadhani watu watafuturu mapema. Limefungwa, eti limeshughulikiwa. Chini yake: "Limefungwa na Rukia."

Yarabi! Maiti hafungi kitu. Basi nani ana simu yako?

Nikamkumbuka Salma, aliyejiunga nasi ulipokuwa ukiugua. Mpole kupita kiasi, na mimi mtu wa "naam Bi, ndiyo Bi" simwamini. Tena matangani kwako alimwendea mumeo kuulizia ile simu yako kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Matangani! Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Nikaandika kwenye kundi letu, wote wasome: "Kuna mtu anatumia jina la marehemu." Sikumtaja, lakini nani hakujua? Salma alijitoa siku ile ile, nami nikaona huo ndio ushahidi.

Juzi mumeo, Bwana Athmani, akaniletea simu yako. Anasema ilikuwa kashani tangu uzikwe, na ufunguo anao yeye. Nikamuuliza mara tatu, nikimkazia macho. Hata mumeo nilimshuku, Mungu anisamehe. Kisha nikaingia kwenye mipangilio yako, nikakuta umepanga kwa mkono wako mwenyewe: lalamiko likikaa siku arubaini bila jibu, lijifunge kwa jina lako.

Na la Kipungani ulikuwa umempa nani? Mimi. "Shoga, lijaribu hili kwenye simu yangu kuukuu, mimi mato yamechoka kutazama." Uliniandikia ukiwa kitandani. Nikasema kesho, kesho. Halafu ukafa.

Sasa niambie, ulinijua kuwa mimi mtu wa kesho? Siku arubaini zile ulinitegea mimi?

Bwana Athmani akaniambia na alichokitaka Salma. Hitilafu ile haionekani kwenye simu mpya, akaomba yako ili alijaribu lalamiko kabla halijafungwa, akamwambia: "Bi Rukia alitufundisha hatufungi tusichokijaribu." Nililia, Rukia. Nililia kuliko siku ya maziko yako.

Jana nilipanda darini na simu yako. Adhana ikalia, jua bado liko juu ya minazi. Bibi wa Kipungani alisema kweli. Nimelifungua tena lalamiko lake, na kwenye kundi nimeandika wote wasome kwamba Salma hana kosa, mwenye kosa ni mimi. Lakini maneno ya kundini hayatoshi. Jumamosi nakwenda Siyu na simu hii mkononi, nimpe yeye.

Mola akulaze pema, shoga yangu. Siku arubaini zako sijaziondoa. Nimeongeza lalamiko moja: "Salma hajaombwa radhi uso kwa uso." Wa kulishughulikia nimeandika jina langu. Usinifungie. Naenda.

Shoga yako,
Mwanaesha