Ufunguo wa Benzi Mkononi Mwangu

Mpendwa Baba Yosefina,

Leo ni Jumapili, na saa nane imeshapita. Ungekuwepo, ungekuwa umevua koti la kanisani na kufungua boneti ya ile Benzi, na mimi ningekuwa nakuita wee, ugali unapoa. Unakumbuka? Serikali ilipokataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, wenye magari walinung'unika. Wewe ulifurahi. Ulisema, "Hata gari lina sabato yake," ukaifanya saa hiyo kuwa ya matunzo.

Niliionea wivu, nakiri. Mwenye shamba la kahawa alipofunga virago kurudi kwao, aliiacha kwako wewe, fundi wake wa miaka yote. Siku ulipoiingiza uani, kijiji kizima kilikuja kuuliza kama na sisi tumekuwa Wabenzi, wale wakubwa wa mjini. "Mbenzi gani anavaa katambuga za tairi?" ukawajibu. Walicheka, lakini waliizunguka wakiigusa ile nyota ya mbele kwa kidole kimoja. Watoto walifungua na kufunga mlango ili tu wausikie unavyojifunga, kwa sauti ndogo nzito, bila kubamizwa. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko nikaiita mke mwenza.

"Bibi mdogo ameshaoga?" nilikuuliza kila ulipomaliza kuiosha. Na kweli alitunzwa kunizidi! Ulichomoa kijiti cha oili, ukakifuta kwa kitambaa, ukakirudisha, ukakichomoa tena ndipo ukaamini. Chujio la hewa ulilikung'uta mpaka vumbi jekundu la Karatu likakujaa kwenye nyusi. Rejeta hukuigusa kabla injini haijapoa. Vichwa vya betri ulivipaka grisi visiote ukoga. Na asubuhi za baridi, ukungu wa Ngorongoro ukiwa umeshuka hadi kizingitini, ulivuta kile kishikio cha kupasha injini, ukangoja ule waya wa kwenye dashibodi uive mwekundu. "Usimkimbize," ulisema. "Injini ya dizeli ni kama mzee. Akiamka, mwache kwanza akae kitandani."

Halafu kuna ile siku shambani, mahindi yakiwa yameshavunwa. "Kaa hapa, Mama Yosefina. Kanyaga klachi." Nikakaa. Sikukuambia siku ile, nakuambia leo: kile kiti kilinipokea vizuri, na nilitamani kubaki. Wanawake wa kwaya wakapita njiani wakicheka, nikaona haya, nikashuka. "Mimi simhudumii mke mwenzangu," nikasema. "Muendeshe mwenyewe." Ukacheka. Uliniomba mara mbili tena mwaka ule, kisha ukaacha.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, alfajiri, tumbo likakushika. Ulijikunja kitandani, jasho likikutoka katika baridi ile. Benzi ilikuwa chini ya banda lake, oili safi, matairi yamejaa, dizeli ipo. Madereva wa shamba la kahawa walikuwa wameondoka na lori kwenda Arusha. Majirani walikuja, wanaume kumi, wanaojua kulima, kufuga na kurina asali, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua kushika usukani. Mmoja akaniuliza, "Mama Yosefina, kwani na wewe hukufundishwa?"

Wakakubeba na kitanda mabegani, wakipokezana. Tulipopita banda uliniita, ukatoa ufunguo mfukoni mwa koti ukanipa. "Ushike, usije ukapotea," ukasema. Hukunilaumu, Baba Yosefina. Afadhali ungenilaumu. Nilitembea nyuma ya kitanda nimeubana ufunguo kiganjani, tukashuka makorongo, tukapanda, jua la saa sita likatukuta bado njiani. Pale kituo cha afya mganga alikupima, akaniuliza kwa nini tumechelewa hivi. Jioni haikukukuta.

Baada ya mazishi sikutaka kuiona ile Benzi. Shemeji alisema tuiuze, nikakataa, ingawa sikuwa na sababu ya kumpa. Jumapili ya kwanza baada ya matanga, saa nane ilipofika, nilijikuta nafungua boneti. Kijiti, kitambaa, kijiti tena. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nakutazama huku nikijifanya sioni.

Dereva wa trekta wa shamba la kahawa, mmoja wa wale waliokuwa Arusha siku ile, alinifundisha usukani kwenye lile lile shamba la mahindi. Injini ilinizimikia mara nyingi, akabaki kushika kofia yake tu. Wanawake wa kwaya wakapita, wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Yosefina wetu bado hajafikia kukanyaga klachi. Siku mguu wake utakapofika ataanza kujifunza, atake asitake.

Jana asubuhi kulikuwa na baridi. Nilivuta kishikio, nikangoja waya uive. Sikumkimbiza. Nikaendesha peke yangu kwa njia ya magari mpaka kituo cha afya, taratibu, nikisimama kupisha ng'ombe. Nilikuwa nimevaa saa yako. Nilipozima injini pale mlangoni nikaitazama. Dakika kumi na nane.

Sikushuka. Nililia humo humo ndani, vioo vimepandishwa, mpaka muuguzi akaja kugonga.

"Mama, umeleta mgonjwa?"

"Nimechelewa naye," nikamwambia.

Pumzika, Baba Yosefina. Bibi mdogo ni mzima, na ufunguo haujapotea.

Mkeo,
Mama Yosefina