Wifi Kavaa Kaniki ya Mama

Jumamosi jioni. Upepo wa Dodoma umetupiga vumbi kutwa nzima, na roho yangu nayo imechafuka.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kusema.

Kikundi chetu cha maigizo walikianzisha baba na mama, kwenye ghala la mahindi la babu hapa Majengo. Baba alitunga michezo na kupiga ngoma, sisi watoto tukapanga viti. Mchezo uliojaza watu ulikuwa ule wa mama mkwe mkorofi. Mkwe huyo aliigizwa na mama. Alipitia mlango wa watazamaji, kajifunga kaniki, akawatania watu kwa mambo yao ya wiki ileile: nani kanunua kochi jipya, nani kala pilau ya harusi mara mbili. Watu walivunjika mbavu huku wakijiuliza kayajuaje.

Aliyajua kwa sababu mlangoni nilikaa mimi. Nilikata tiketi, nikasikiliza umbea wa kwenye foleni, na mama alipopita nikamnong'oneza. Hata baba hakujua.

Mama alipofariki, mchezo ule ukawekwa kando. Miaka yote nimekaa mlangoni nikisubiri baba aseme, "Haya mwanangu, sasa zamu yako."

Mwezi uliopita amesema. Kamwambia wifi.

Rehema, mke wa kaka yangu, kaja juzijuzi tu kutoka Kibaigwa. Mama hakumwona hata siku moja. Ana sauti ya kuita wateja sokoni, na mimi nikisimama jukwaani nasahau maneno yote, hilo sikatai. Lakini hata kuniuliza?

Wiki nzima Rehema amekuwa mpole kwangu, jambo linalonikera zaidi. Alhamisi alinifuata jikoni.

"Wifi, hivi mama alikuwa anajuaje mambo ya watu wote wale?"

"Kipaji tu, wifi yangu," nikamjibu, nikaendelea kusonga ugali.

Leo ameigiza. Nilitamani asahau maneno. Nilitamani kaniki imfunguke. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, akanitazama, nami nikajifanya nahangaika na tiketi, ingawa nilishasikia habari tamu za nusu ya ukumbi. Akaingia hivyo hivyo, akatania juu juu tu, na bado watu walicheka.

Baba alicheka. Aliacha ngoma akafuta machozi. Sijamwona hivyo tangu tumzike mama, na nimeomba sana acheke tena. Sikujua kwamba ningeumia akichekeshwa na mtu mwingine.

Kesho wanarudia. Nikimnong'oneza, atakuwa mama kabisa, na mimi nitabaki na nini? Nisipomnong'oneza, kazi niliyofanya na mama itaishia kwangu.

Nitamwambia. Najua nitamwambia.

Ila si kesho.