Siku Lori la Nyuki Liliponasa Bondeni

Piscu Teiului,
Jumapili, 23 Mei 1999

Mpendwa shemeji Costache,

Pokea salamu zangu wewe, Aurica na watoto. Vipi mgongo wako? Mara ya mwisho uliandika kwamba ngazi za huko kwenye ujenzi zimekuumiza, na tangu hapo hujasema neno, nami nakujua, ukinyamaza ujue panauma. Mwambie Aurica akukande kwa mafuta ya moto usiku na usijifanye kijana.

Huku hatujambo. Mama Tudora anakula vizuri, anasikia yale tu anayotaka kuyasikia, na kila jioni ananiuliza kama huko Torino kuna mkate. Namwambia upo. Haamini hata kidogo, kwa hiyo ukiandika, tafadhali taja mkate.

Ibada ya miezi sita ya mume wangu, ndugu yako Neculai, tuliifanya wiki mbili zilizopita. Nilipika ile ngano tamu ya marehemu, nikaipamba msalaba wa lozi, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Padri aliimba haraka haraka maana mvua ilikuwa inaingia, na kweli ilinyesha siku tisa mfululizo. Kaburi limetitia kidogo upande wa miguu. Nitaliongezea udongo ukikauka.

Sasa nije kwenye barua yako ya Pasaka. Uliniandikia kwamba umempata mtu wa kununua nyuki na lori, kwamba kazi ile ni ya watu wawili na mimi nimebaki mmoja, na kwamba chumba changu na cha mama kipo tayari kwenu. Najua uliandika kwa mapenzi. Niliisoma mara tatu, mara mbili nikakukasirikia na mara ya tatu nikaona una haki. Nikakaa nikakuandikia jibu la kukubali. Hukulipata, na kwa nini hukulipata ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukupa.

Unakumbuka miti ya akasia ilivyo, ikichanua haitungoji. Siku kumi, kumi na mbili, basi. Petrache jirani alikuwa ameshapeleka mizinga yake, akaniahidi kwamba angerudi Ijumaa kunisindikiza. Mimi nikahesabu siku, nikaona Ijumaa nitakuta maua yapo chini. Jumanne jioni, nyuki walipoingia wote, nikaziba milango ya mizinga thelathini na minane. Tulikuwa tumeipakia lorini na Petrache wiki iliyotangulia, kwa hiyo nilichobakiza kilikuwa kufunga mikanda na kuwasha injini. Jumatano kulipopambazuka nikaondoka peke yangu. Nilipanga kuwapeleka kwenye maua kwa mara ya mwisho, na wakati wa kurudi nipitie posta kutia barua yako. Ilikuwa mfukoni mwa aproni, nimeifunga ndani ya nailoni.

Kosa ni langu, na silitupii mvua. Nilipofika kwenye lile bonde chini ya kilima cha akasia, nikasikia sauti ya nyuki imepanda. Neculai alinifundisha, na kila mfuga nyuki huku hufanya hivyo: sauti ikibadilika, simama, shuka, weka sikio kwenye mbao. Nikasimama. Katikati ya bonde, shemeji, kwenye tope la siku tisa! Mtu asiye na nyuki angepita kwa mwendo huku akiimba. Nikaweka sikio, nikawakuta wazima kabisa, walikuwa wanalalamikia joto tu. Niliporudi kwenye usukani na kuachia klachi, gurudumu la nyuma la kulia likazunguka bure, likajichimbia mpaka kwenye ringi.

Nilifanya unayoyajua. Nilichimba kwa koleo, nikatia matawi, nikatia mawe, nikatia hata zulia la miguuni. Gurudumu lilimeza kila kitu na kunirushia tope usoni. Jua nalo lilikuwa limeshatoka juu ya kilima, na baada ya mvua ile yote lilikuja na hasira. Nyuki waliofungwa ndani ya mizinga wakikaa juani mpaka saa nne, saa tano hivi, nta inalegea, masega yanaanguka na wanazama ndani ya asali yao wenyewe. Neculai aliwahi kuniambia kwamba aliona hivyo utotoni kwa babu yenu, na hakupenda kuisimulia. Ilikuwa saa moja na nusu.

Hapo akatokea Gligor na mkokoteni wake, juu ukingoni, kama hatua mia. Nilimpungia mikono yote miwili.

"Dada Saveta! Umekwama?"

"Hapana, napumzika! Shuka bwana, uniletee farasi!"

"Hao ni nyuki?"

"Ni kuku! Gligor, shuka!"

"Thubutu! Huyu jike akiwanusa tu atanivunjavunja mimi na mkokoteni. Na mimi mwenyewe si unajua? Mwaka juzi alinigusa mmoja, mmoja tu, uso ukawa boga wakanilaza siku tatu."

Hakuwa mwoga, alisema kweli. Farasi na nyuki hawakai pamoja, na uso wa Gligor siku ile niliuona mwenyewe. Akasema atakwenda kumleta Sandu na trekta.

"Sandu yuko wapi?"

"Ng'ambo ya mto, analima. Mpaka nimfikie, mpaka aje, saa sita."

"Saa sita atanikuta na supu, si nyuki!"

"Basi wafungulie wapumue!"

"Nikiwafungulia hapa watashika makao hapa hapa, na wewe na jike lako hamtapita njia hii mpaka Agosti!"

Akavua kofia, akakuna kichwa, akaniambia Mungu anisaidie, akageuza mkokoteni. Nilimwangalia akipotea, nikaona kwamba sina mtu. Kushusha mizinga siwezi, mmoja tu ni mzigo wa watu wawili. Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikalia kidogo, kisha nikaacha, maana kulia hakukuwa kunapunguza joto.

Nilijua ipo njia. Kila mwaka tulikwama mahali, na kila mwaka Neculai alitutoa. Lakini ni hivi, miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye usukani na kungoja apige kelele "Haya!" Yeye alikuwa huko nyuma chini, mimi sikuwahi kuona anachokifanya. Nilichokijua ni kwamba alitumia kamba ile nene, na kwamba baadaye alikaa nusu saa akiichomoa katikati ya yale matairi mawili ya nyuma yaliyokaa bega kwa bega, huku akitukana. Kwa hiyo kamba ilikuwa inajizungusha pale. Nikawaza, kama gurudumu linazunguka bure, basi lizunguke na kamba iliyofungwa kwenye mti huko mbele, lijivute lenyewe.

Nikalala kifudifudi kwenye tope, nikakwangua nafasi kati ya matairi kwa kisu, nikafunga ncha ya kamba kwenye tundu la ringi. Nikapitisha kamba juu ya gurudumu kwenda mbele, nijaribu kwanza kabla ya kuifunga mtini. Nilipowasha na kutia gia, kamba ikalegea yote ikaanguka chini. Nilijiita majina, shemeji, ambayo sitayaandika siku ya Jumapili. Ilibidi ipite chini, gurudumu liivute kutoka chini na kuipandisha kwa nyuma. Nikachimba tena, nikaipitisha chini.

Sasa kamba haikufika mtini. Ile akasia ya karibu yenye shina la kuaminika ilikuwa mbali kidogo, zikapungua hatua nne. Vijiti vya kando ningeving'oa kama karoti. Kitu pekee kigumu nilichobaki nacho ni mikanda inayofunga mizinga isianguke. Nikafungua miwili ya nyuma, nikaiunga kwenye kamba mpaka ikafika mtini. Nilijua ninachofanya na bado nilifanya.

Nilipowasha na lori kutikisika mara ya kwanza, mzinga mmoja wa pembeni uliporomoka na kupasuka. Nadhani unajua sauti hiyo. Nikaruka chini kutazama, wakanitokea wote kwa pamoja, na mimi kofia ya wavu nimeiacha kwenye kiti. Nikalikimbilia kopo la moshi. Viberiti vilikuwepo, lakini kila nyasi ilikuwa maji, kila gunia limelowa. Kikavu kilikuwa kimoja tu, ile barua ya kukujibu, ndani ya nailoni yake mfukoni. Kurasa mbili, nilizoziandika kwa mwandiko mzuri. Nikaikunja nikaiwasha, moshi ukatoka, nikapuliza mpaka nyuki wakatulia na mimi nikaweza kufumbua jicho moja. Jingine lilikuwa limeshafunga.

Nikavaa wavu. Juu ya kamba nikatandaza koti la ngozi ya kondoo la Neculai, lile alilolalia kando ya mizinga, ili kamba ikikatika isije ikanipasua kioo na uso. Nikaingia, gia ya kwanza, mafuta kidogo sana. Hakuna wa kuniambia "Haya", kwa hiyo nilijiambia mwenyewe, kwa sauti. Kamba ikakaza. Mti ukatikisika na kumwaga maua. Lori likaunguruma mahali pamoja kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama kipindi kizima cha Kwaresima, halafu likasogea kiganja. Kiganja kingine. Nikaacha mguu pale pale, sikuongeza wala sikupunguza, mpaka nikahisi upande wa kulia unainuka na magurudumu ya mbele yameshika nyasi. Nikakata kamba kwa shoka, nikapandisha kilima bila kusimama hata kama wangeanza kuimba kwaya huko nyuma.

Saa nne na robo nilikuwa kwenye akasia. Sikushusha kitu. Niliegesha lori kivulini nikafungua milango ya mizinga pale pale juu, mmoja baada ya mwingine, na mikono ilikuwa imevimba hivi kwamba vidole havikukunjika. Walitoka. Miwili ya katikati haikutoa mtu, nilipofunua nilikuta masega yamelala chini. Pamoja na ule uliopasuka, nimepoteza mitatu. Sikufichi, na sitajifanya hainiumi.

Sandu na trekta wakafika karibu saa sita. Gligor alisimama mbali juu ya mkokoteni wake, ameshika hatamu kwa mikono miwili.

"Mama Saveta!" Sandu akaniambia, "nani kakutoa?"

"Nimetoka."

"Ndiyo, lakini nani?"

Na Gligor kule mbali: "Yuko wapi huyo bwana? Mwambie aje nimpe mkono!"

Sandu akatazama nyuma ya lori. Akainama kutazama chini yake. Kisha akaangalia kwenye miti, huku na huku, kwa adabu kabisa, akimtafuta mwanamume. Nilitaka kucheka, Costache. Lakini na mimi niligeuka nikaangalia kwenye miti.

Nilikuwa namngoja atokee akijifuta mikono kwenye suruali, aanze kunigombeza kwamba ni nani mwenye akili anayesimamisha lori katikati ya bonde. Hakuna aliyenigombeza. Ndipo nikalia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi, mbele ya Sandu, maskini, ambaye alizima trekta na hakujua afanye nini na kofia yake.

Basi jibu langu ni hili. Mwambie yule mtu asije. Sisemi kwamba nimeiweza kazi hii, kwa sababu mizinga mitatu imekufa na kosa lilikuwa langu. Mwaka ujao huenda nikakuandikia vingine. Lakini mwaka huu nyuki wako kwenye akasia, baadaye nitawapeleka kwenye miti ya tilia inayochanua Juni, na usiniandikie tena kwamba siwezi. Niandikie kwamba unanionea huruma. Hiyo nitaipokea, naihitaji sana. Na ukiweza kuja Agosti, njoo, ukae kwenye usukani, mimi nitakuwa huko nyuma chini, nikipiga kelele.

Nisalimie Aurica sana, na Bianca na Claudiu, waambie asali yao ipo. Mama Tudora anakubusu kwenye paji la uso. Petrache anakusalimu, ananinunia kwa sababu sikumngoja. Gligor naye amesisitiza nikuandikie kwamba alitaka kushuka.

Mungu akulinde kwenye ngazi zile, ainyooshe njia yako ya kurudi kwetu.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Saveta