Taarifa ya Miguu ya Nusra

Pate, 8 Januari 2024

Kwa mwanangu Harith,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku alhamdulillahi hatujambo, hofu ni kwako wewe na hayo maboti ya hoteli yenu ya Ras Kitau. Mkeo Nusra anakusalimu sana. Mdogo wako Sundus anakusalimu pia, na anadai viatu.

Nakuandikia kwa sababu simu huipokei, na ukiipokea nasikia mashine ya boti tu. Halafu nina habari, usicheke: nimeanza shule. Unamjua Mwalimu Keziah, yule Mkisii aliyepanga chumba chetu cha nje. Kila asubuhi hufungulia redio, habari za biashara kwa Kiingereza, na mimi niko pale nakuna nazi. Nimesikiliza mwezi mzima. Mwanangu, watu wale maneno yao ni machache, na ya leo ndiyo ya kesho! Shilingi imepanda, shilingi imeshuka, chai ya mnadani imepata nguvu. Habari za siasa zinanipita, hizi nazifuata. Neno nilipendalo kuliko yote ni "steady". Ni kitu kilichotulia, hakipandi wala hakishuki.

Keziah amenipa kazi. Nichague kitu kimoja humu nyumbani nikitolee taarifa kwa Kiingereza, asubuhi kimefunguaje na jioni kimefungaje. Nimewachagua kuku. Jana walifungua vizuri, wakafunga vibaya. Paka alipita.

Ni mimi mamako,
Radhiya


Ras Kitau, 13 Januari 2024

Kwa mama yangu mpenzi,

Waalaikumu salaam. Natumai barua hii itawakuta nyote katika afya njema. Mimi huku ni mzima wa afya.

Mama, nimecheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Kiingereza cha shilingi utamsemesha nani hapo Pate? Bwana Bakr wa dukani? Mimi huku nakizungumza na wageni kutwa kucha. Subiri nije nikufunze kile cha watu: karibuni, chakula kitamu, laleni salama. Hao kuku waachie paka.

Viatu vya Sundus nimempa Nahodha Badawi awaletee. Nisalimie Nusra.

Ni mimi mwanao,
Harith


Pate, 29 Januari 2024

Mwanangu Harith,

Assalamu alaikum. Viatu vimefika, Sundus analala navyo. Sisi hatujambo, ila nina neno.

Kuku nimewaacha. Taarifa yangu sasa ni ya miguu ya Nusra. Mimba inakaribia miezi minane na miguu inamvimba. Nilimwuliza, akasema, "Siyambo, mama." Kesho yake nikamwuliza tena, siyambo. Nikaona huyu nikimwuliza kwa mdomo atanijibu hivyo hivyo mpaka azimie. Basi nikatwaa kipande cha ukili wa mkeka nilioanza kusuka. Kila asubuhi na kila jioni namzungushia kifundoni, natia alama, kisha naandika kwa Kiingereza kama redio: leo imefungua wapi, imefunga wapi, ukilinganisha na jana. Keziah husahihisha kwa kalamu nyekundu. Juzi alikuwa steady. Jana alama ilisogea upana wa kidole, na kichwa kikamuuma kuanzia adhuhuri.

Hataki kwenda hospitali. Anasema atakusubiri wewe. Njoo umwone, mwanangu.

Mamako,
Radhiya


Ras Kitau, 3 Februari 2024

Mama mpenzi,

Waalaikumu salaam. Natumai hamjambo nyote. Mimi ni mzima.

Mama, hoteli imejaa mpaka katikati ya mwezi, na ruhusa haipatikani. Wenye mimba wote huvimba, na wewe mwenyewe ulitwambia ulivimba ulipokuwa na Sundus. Usimtie mwenzio hofu kwa ajili ya kujifunza Kiingereza. Mwambie nampa salamu nyingi, nitakuja mwisho wa mwezi inshallah.

Mwanao,
Harith


Amu, hospitalini, 15 Februari 2024

Mwanangu Harith,

Assalamu alaikum. Tumekupigia tangu jana. Hotelini wanasema umepeleka wageni Kiwayu na simu haishiki. Barua hii nampa mfanyakazi wao aliyekuja sokoni akuwekee.

Jana walikuja Pate madaktari wa Kizungu kwa boti, wanatibu bure. Nilimburuta Nusra kwenye foleni. Mkalimani wao alikuwa amekwenda Faza na mgonjwa mwingine, kwa hiyo daktari alijitahidi mwenyewe. Kiswahili chake ni salamu moja tu. Alipofika kwa mkeo akatabasamu, "Hujambo?" Na Nusra, kwa adabu zake, kichwa kinampasuka, akajibu, "Sijambo." Daktari akafurahi. Akaandika, akamwita wa nyuma yetu.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilisimama mbele ya foleni yote ya wanawake wa Pate, nikasema, "No. She is not steady." Nikafungua daftari nikamsomea kama msomaji wa redio, siku ishirini, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza alitikisika kidogo, akatulia. Wiki ya pili amebanwa. Tangu Jumatatu hali imeshuka kwa kasi, na jioni iliyotangulia amefunga vibaya kuliko siku zote, macho yanaona nyota. Bwana Bakr akasema kutoka mlangoni mwa duka lake, "Nti hii ina mambo!" Daktari hakucheka. Alitaka ukili, akautazama alama zake moja moja, akampima Nusra shinikizo la damu papo hapo. Kisha akaita boti yao ya mbio.

Hapa Amu wanasema damu imepanda mno, na mtoto lazima atolewe leo. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini ukisoma haya, njoo.

Mamako,
Radhiya


Amu, 22 Februari 2024

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Jana ulipopanda boti kurudi kwa Sundus nilikuwa na la kukuambia, nikakuangalia usoni nikashindwa.

Nesi Jepchirchir alinionyesha kurasa zako, wamezitia kwenye faili la Nusra. Nilizishika nikawa natingisha kichwa kama anayesoma. Akanitazama, akanisomea kwa Kiswahili bila ya kuniaibisha. Mama, miaka mitatu Ras Kitau nabeba mabegi. Nasema "yes" na "thank you", na mgeni akiongeza la tatu namwita mwenzangu. Wewe umesimama mbele ya daktari na maneno ya bei ya chai, ukawaokoa watu wangu wawili. Sijapata kumwona mtu kama wewe, na ulikuwa mama yangu siku zote hizo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Barua zangu zote nimeandika natumai hamjambo, nikaendelea na mengine. Ulinijibu kwamba kuna mtu si mzima, nami nikakuandikia tena natumai hamjambo.

Kazini nimeomba mwezi mzima. Wakininyima, basi.

Mtoto amenyonya leo mara sita. Ni mdogo lakini ana sauti, wodi nzima inamjua. Nusra nimemwuliza hali, akasema hajambo. Nikamfunua shuka nikaitazama miguu mwenyewe. Mfupa wa kifundo umeanza kuonekana.

Mwanao,
Harith