Mbuzi Walioliwa Bila Mimi

Jakarta, Jumanne

Kalondu, mwiitu wa mwaitu,

Dada yangu, pokea salamu nyingi kutoka huku mbali. Natumaini hujambo na kifua chako kimetulia sasa baridi ya Julai imepita. Na mama yetu kule Kivaa, mguu wake unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Nimenenepa hata, kwa sababu huku ni wali asubuhi, wali mchana, wali jioni. Mengine si mazuri, na nakuomba usome barua hii ukiwa peke yako, si dukani kwa Mama Zuhura na si mbele ya shemeji Muthoka.

Uliniuliza wazungu wanaishije huku. Dada, nilidhani mzungu ni mzungu popote, kumbe kuna mahali na yeye anakuwa mgeni kama mimi. Tunakaa ghorofa ya kumi na nne, mimi na hawa ninaowafanyia kazi tangu Nairobi. Bwana anatoka alfajiri kwenda kwenye mabomba yake ya maji, anarudi amekasirika. Mama Lise, tangu binti yake Lise apelekwe shule kwao Denmaki, anashinda ndani na ile mashine ya baridi inanguruma, amevaa sweta, huku analalamika joto. Akitaka kwenda dukani, dereva anamtoa hapa hadi pale, mwendo kama wa kutoka Mumbuni hadi mjini Machakos, na wanakaa barabarani saa mbili. Kila Alhamisi wanawake wa kizungu wanakutana kucheza karata na kuambiana ni duka gani limeleta jibini. Wengine wamekaa miaka minane na hawajui kuomba maji kwa lugha ya hapa. Mimi mwenye miezi kumi na moja ndiye ninayemsemea Mama Lise sokoni! Ananifuata nyuma na kikapu, watu wanatutazama wote wawili na kucheka, mwingine ananigusa nywele.

Siku moja nilimpikia muthokoi. Nilitwanga mahindi ya hapa, lakini ni laini na matamu kama ya mtoto, yakageuka uji. Aliula wote, akasema ni kama Kenya. Mimi nilienda kucheka bafuni. Nakwambia haya ujue kwamba si mtu mbaya, maana sasa nitakueleza alichofanya.

Ile barua yako ya kwanza, uliyosema yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Tala ametuma wazee wake kumtaka Mwikali wangu, niliisomea jikoni. Nilisoma mpaka pale uliposema wanataka kuleta mbuzi wa ntheo upesi, na kwamba Muthoka, kama mkubwa wa boma tangu kaka yake, baba wa Mwikali, afe, anangoja neno langu tu. Nikalia. Dada, ulijua ni kwa nini. Nilivuka bahari ili Mwikali amalize chuo cha ualimu, na bado mwaka mmoja. Huyo mtu simjui, sisemi ni mbaya, lakini kwa nini asingoje? Mama Lise akanikuta hivyo, akauliza kuna nini, nikasema ni Mwikali, kuna mtu anataka kumwoa. Akanikumbatia, na yeye akalia. Kwao mama akisikia binti anaolewa analia kwa furaha, wanafungua chupa. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nilimwachia mabega yangu tu.

Ilinichukua siku nne kupata maneno ya kumwandikia Muthoka bila kumvunjia heshima. Nikaandika hapana, wangoje mwaka mmoja. Jumatatu dereva akapeleka posta. Kumbe Jumapili, nikiwa kanisani, Mama Lise alichukua ile namba ya duka la Mama Zuhura niliyobandika kwenye friji, akapiga simu. Alitaka kunifanyia jambo jema la kunishtukiza. Muthoka akaitwa. Basi mzungu wangu akamwambia kwa kile Kiswahili chake cha Nairobi, "Mama Mwikali nafurahi sana! Nalia kwa furaha! Sema karibu, karibu!"

Nani angebisha neno la mzungu aliyepiga simu kutoka Asia?

Leo nimepata barua yako ya pili. Mbuzi walichinjwa. Umeniandikia nyama ukurasa mzima, nani alipewa mguu, nani alikasirika kwa kupewa mbavu. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nikamwonyesha Mama Lise, nikamweleza kwamba sisi mbuzi wa ntheo si zawadi, wakishaliwa msichana ni wa boma lile. Akasema, "Lakini wewe nalia kwa furaha." Nikasema, "Mama Lise, nililia tu." Akawa mweupe zaidi ya alivyo. Akajifungia chumbani, nami nikaenda kumbembeleza kwa chai, kwa sababu angelala njaa. Fikiria, dada. Binti ni wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema pole.

Baadaye Mama Lise mwenyewe alipiga ile namba ya dukani, akanipa simu. Muthoka alikuwepo. Nikamwambia, shemeji, sikukubali, lile lilikuwa kosa la mzungu. Akacheka.

"Kosa gani? Si ulisema ndio?"

"Sikusema mimi."

"Sasa Ndunge, mbuzi wameliwa. Unataka tuwatapike? Hata ngozi zao zimekauka. Hao watu walikuja vizuri, tukaongea vizuri. Usituletee aibu kutoka huko Uchina."

Hapa si Uchina, lakini nikaacha. Nikamwomba niongee na Mwikali. Akasema ameenda Tala na akina mama kusalimia wakwe. Nyuma nilisikia watu wa duka wakinisalimia kwa sauti, wote, hata wasionijua. Nikajibu salamu. Simu ikakatika.

Utasema nipande ndege nije. Pasipoti yangu iko kwa ofisi ya uhamiaji wiki ya saba sasa, kupigwa muhuri wa kukaa. Ya Bwana pia, ya Mama Lise pia, zimewekwa pamoja. Bwana ameenda pale na tai yake shingoni mara tatu. Karani anatabasamu, anampa kiti, anamwambia kesho. Nilikuwa nafikiri mzungu hakosi njia. Jana alirudi akakaa mezani akiangalia mikono yake, nikajua hana njia. Sisi watu watatu tumekaa juu huku kama kuku kwenye tenga, na hakuna kati yetu anayeweza kwenda popote.

Nisalimie mzee wako Mutiso na watoto wote. Nisalimie mama, usimwambie nililia. Mama Zuhura usimlaumu, yeye alishika simu tu kama jirani mwema. Padri umwambie aniombee, bila kumweleza sana.

Sasa lile ninalotaka kwako, ambalo siwezi kulisema kwenye simu ya duka. Kabla mbuzi hawajachinjwa, msichana huulizwa mbele ya wazee kama wachinjwe. Umeandika kila kitu, Kalondu, lakini hukuandika Mwikali alijibu nini. Mchukue mwende shambani, nyinyi wawili peke yenu, muulize. Akisema alimtaka huyo mtu kwa moyo wake, basi ile barua yangu ya kukataa, ikishafika, ichukue kwa Muthoka uichome, Mwikali asijue kamwe kwamba niliiandika. Lakini akikwambia kwamba aliinamisha kichwa na kusema ndio kwa sababu wazee walimwambia mama yake analia kwa furaha, niandikie hivyo hivyo, usinifiche. Sijui nitafanya nini nikishaisoma. Niandikie tu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Ndunge